Kifo Kinapimwa kwa Mishuko

Kijiwe chetu kiko Kimemi, mjini Butembo, pale barabara ya vumbi inapopinda kabla ya kuteremkia darajani. Si kijiwe cha kujivunia: ubao mmoja juu ya matofali, meza ya Mama Mariette yenye termosi mbili za kahawa ya tangawizi, na cherehani yangu chini ya bati linalovuja upande wa wateja tu. Mimi ni Jacob, fundi nguo, ila kwa kuwa utepe wa kupimia haunitoki shingoni watu wananiita Mita. Sikai ubaoni. Nakaa nyuma ya cherehani, hatua mbili tu, na kwa bahati mbaya nasikia kila kitu. Ubao una wenyewe watatu. Malachie ni Communiqué, maana kila asubuhi anabandika redio sikioni kusikiliza matangazo ya vifo, na akimaliza anatusomea tena kwa kichwa, hata ya wale tusiowajua. Sadrack ni Pourcentage, yaani Asilimia. Alisoma takwimu chuo kikuu mwaka mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyomharibu. Wa tatu ni Kahongya, Sans-Frein, yaani Bila Breki, mwenye chukudu: kile chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili na usukani, anachokipakia magunia sita ya makala na kuteremka nacho mlima mzima amepiga goti juu yake. Alhamisi hiyo chukudu kiliegemea ukuta bila mzigo, na mwenyewe alikuwa amevaa koti la kanisani.

Koti lilikuwa la safari. Kwa miaka minane Kahongya anatembea na ngiri, uvimbe wa ukubwa wa limau chini ya tumbo upande wa kulia, ambao kila asubuhi anaurudisha ndani kwa kiganja kama mtu anayechomekea shati. Wiki hiyo wapasuaji walikuwa wamefika kwenye hospitali moja ya Beni kwa ajili ya wenye ngiri, na siku yao ya mwisho ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Walioandikwa walitakiwa kulala huko tangu leo. Mke wake Godelive, ambaye sisi tunamwita Mama Salomon kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikwisha kwenda kwenye parking ya magari ya Beni na beseni na blanketi, kushika nafasi mbili katika gari la dereva Élysée. Kahongya alimwambia anakunywa kahawa kikombe kimoja, kisha anamfuata. Nilipoanza kuangalia, alikuwa kwenye cha tatu.

SANS-FREIN: Mita, weye unapimaka batu. Niambie kweli. Kupasuliwa na kushuka mulima na chukudu, ni nini inauaka zaidi?

MIMI: Miye napimaka suruali.

POURCENTAGE: Ile haiko swali ya fundi. Ni swali ya statistique. Mbele ya yote inaomba unité. Mafuta banapimaka na litre, makala na gunia. Kufa banapima na nini?

COMMUNIQUÉ: Na matanga.

POURCENTAGE: Hapana, mukubwa. Tunapima na mushuko. Mushuko moja ni chukudu moja, gunia sita, tokea hapa mupaka chini ku pont.

SANS-FREIN: Na mvua?

POURCENTAGE: Mvua hapana.

SANS-FREIN: Na frein?

POURCENTAGE: Frein iko.

SANS-FREIN: Basi ile haiko mushuko. Ile ni promenade, kutembeatembea tu.

MAMA MARIETTE: Tuweke frein. Tunapima juu ya batu ba akili, haiko juu ya ule.

Pourcentage alitueleza kwa upole, kama tuko darasa la pili. Kitu chenye mishuko mitano kinakusogeza karibu na kufa sawasawa na kuteremka na chukudu mara tano. Ni hayo tu. Nikamwambia yeye mwenyewe hajawahi kuteremka hata mara moja, na akanijibu kwamba aliyebuni kilo naye hakuwa gunia. Nikarudi kwenye mkono wa blauzi niliokuwa naushona.

POURCENTAGE: Tuanze na kidogo. Kusalimia mutu na mukono.

COMMUNIQUÉ: Zero.

MAMA MARIETTE: Zero leo. Miaka ile ya Ebola ilikuwa mishuko mia. Hata mama yangu nilikuwa namusalimiaka na kiwiko.

POURCENTAGE: Njo ile! Donc mushuko inabadilikaka na mwaka. Andika, Mita.

MIMI: Naandika wapi?

POURCENTAGE: Ku kichwa.

COMMUNIQUÉ: Kupanda moto, ile pikipiki ya taxi?

POURCENTAGE: Batu bangapi?

COMMUNIQUÉ: Kama kawaida. Taximan, mama, mutoto ku mugongo, na mbuzi mbele.

POURCENTAGE: Mishuko mitatu.

COMMUNIQUÉ: Na mbuzi umehesabu?

POURCENTAGE: Mbuzi anapunguza. Kama mbuzi iko, taximan anaendaka polepole. Mbuzi iko na mwenyewe, atakuya kuuliza.

SANS-FREIN: Kula samaki ya mifupa mingi?

COMMUNIQUÉ: Kula na kunyamaza, zero. Kula na kusema, mushuko moja. Kuko papa moja mufupa ulimukamata akiwa anatukana arbitre wa mupira.

SANS-FREIN: Kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi?

COMMUNIQUÉ: Robo.

MAMA MARIETTE: Robo kwa kunywa. Kisha kunywa banaanzaka siasa. Pale ni mishuko mine.

COMMUNIQUÉ: Musisahau radi.

POURCENTAGE: Radi gani? Ile inakuya yenyewe, ao ile ya kutumwa?

COMMUNIQUÉ: Kumbe kuko inakuya yenyewe?

POURCENTAGE: Ku université banasemaka iko.

COMMUNIQUÉ: Basi. Ya yenyewe, nusu mushuko. Ya kutumwa na jirani, kumi. Na kama umekamata kipande ya shamba yake, kumi na tano.

POURCENTAGE: Donc ukirudisha shamba unapunguza tano. Ile banaitaka prévention.

Simu ya Kahongya ikalia. Hakuwasha kipaza sauti, lakini sote tulimsikia Mama Salomon, maana mama yule amekulia sokoni na sauti yake imezoea kushindana na malori. Gari limebakiza watu watatu lijae. Yuko wapi?

SANS-FREIN: Niko hapa na Mita. Tuko tunafanya hesabu, calcul kidogo.

Alifunga simu na kuigeuza uso chini juu ya goti, kama vile hivyo isingelia tena.

POURCENTAGE: Tuendelee. Kulima kakao upande wa pori, kule Oicha. Ile ni mishuko...

MAMA MARIETTE: Ile hapana.

Hakupaza sauti. Aliweka kikombe mezani na kukifuta pembeni, ingawa kilikuwa safi. Mama Mariette ni wa upande wa Oicha, na kuna ndugu zake wawili walioenda kuvuna na hawakurudi. Tunalijua hilo wote, na Pourcentage analijua kuliko sisi kwa sababu ndiye aliyemshika mkono siku ya habari ile. Mdomo wake tu ulikuwa umetangulia.

POURCENTAGE: Unisamehe, mama.

MAMA MARIETTE: Ya vita hatupimake hapa. Mutu alikwenda kutafuta chakula. Haiko mushuko ile.

COMMUNIQUÉ: Haiko mushuko.

Kisha Mama Mariette mwenyewe ndiye aliyetutoa hapo. Alimimina kahawa kwa wote na kumtazama Kahongya.

MAMA MARIETTE: Bon. Mulianza juu ya opération. Na haujapima opération. Unazunguka kama kuku ya kuchinja.

POURCENTAGE: Opération nimepima tangu jana. Nilimuuliza infirmier moja, ndugu yangu. Hernie, ile ngiri, ya mutu mwenye nguvu, bado haijakazana, na munganga wa kazi yake: nusu mushuko.

SANS-FREIN: Nusu?

POURCENTAGE: Nusu. Na barabara ya Butembo-Beni mu gari ya Élysée, kuenda na kurudi, mishuko miwili. Yote pamoja miwili na nusu. Weye unashukaka mara ngapi kwa siku?

SANS-FREIN: Mine. Siku ya soko, sita.

POURCENTAGE: Donc kila siku mbele ya kulala umesha fanya opération na safari, na inabakia.

Niliacha cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kijana huyu alikuwa amesema jambo ambalo ningeweza kulirudia nyumbani. Nilitazama uso wa Kahongya nikidhani atainuka. Hakuinuka. Alikuwa anajikuna kidevu.

SANS-FREIN: Sadrack, calcul yako ni muzuri. Lakini kwa chukudu, nani anashika usukani?

POURCENTAGE: Weye.

SANS-FREIN: Voilà. Jiwe likikuya, naliona. Mutoto akivuka, naruka. Kule banakuchoma piqûre, unalala. Mutu mwingine njo anashika, na weye hata hauko. Utapima namna gani mushuko yenye mwenyewe analala?

Mimi nilimwelewa sana. Hata kinyozi simpi kichwa changu bila kufungua macho.

MIMI: Na lile neno munganga alikuambia?

SANS-FREIN: Neno gani?

MIMI: Unalijua.

SANS-FREIN: Alisema siku moja inaweza kutoka na kukatala kurudi. Pale hakuna kungoja tena, ni kukimbia.

MIMI: Na imesha katala?

Akaangalia magurudumu ya chukudu.

SANS-FREIN: Juzi. Kidogo tu. Saa moja hivi.

MAMA MARIETTE: Yesu Maria. Na haukuambia Mama Salomon?

SANS-FREIN: Kisha ilirudi.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Mwaka ule duka nililopanga lilipowaka moto, wote tulisimama barabarani tukipiga kelele, na ni Kahongya aliyeingia kwenye moshi akatoka na cherehani hii begani. Ngiri ilikuwa tayari na miaka mitatu. Sijui kama ile siku iliongezeka, na sijawahi kumuuliza. Nilitaka apande gari la Élysée kuliko nilivyotaka kumaliza blauzi ya watu. Na ni wakati huohuo Malachie, ambaye kwa dakika kumi alikuwa amekaa kimya na redio yake, alipoona zamu yake imefika.

COMMUNIQUÉ: Sadrack alisoma mwaka moja na nusu. Miye nasikiliza communiqué tangu miaka kumi na moja. Nitabaambia kweli nani anakufaka. Ya kwanza, batu bazuri.

POURCENTAGE: Namna gani?

COMMUNIQUÉ: Umesha sikia communiqué inasema: amekufa papa fulani, mukali, muchoyo, mwenye kuchukia bageni? Hata siku moja. Banasemaka mupole, mukristu muzuri, mwenye kupenda batu bote. Kila asubuhi. Donc kuwa mutu muzuri ni mishuko makumi mbili.

MAMA MARIETTE: Basi weye utatuzika siye bote.

Hapo ubao ulitikisika kwa kicheko, na Kahongya alicheka mpaka akashika tumbo upande wa kulia. Niliuona ule mkono.

COMMUNIQUÉ: Muchekake. Ya pili, bajukuu. Bote banaachaka bajukuu. Kumi na mbili, makumi tatu. Mutu bila bajukuu, communiqué inamupita pembeni.

POURCENTAGE: Mais mukubwa, ile ni juu ya miaka yao...

COMMUNIQUÉ: Nyamaza, haujamaliza masomo. Ya tatu njo kubwa. Sababu ya kufa. Ku radio banasemaka nini?

SANS-FREIN: «Kisha ugonjwa mufupi.»

COMMUNIQUÉ: Kisha ugonjwa mufupi! Papa wa Lubero, ugonjwa mufupi. Mama wa Beni, ugonjwa mufupi. Pasteur, catéchiste, chauffeur, mufupi, mufupi, mufupi. Ule murefu, miaka kumi na moja, nimeusikia mara ine tu, na moja alikuwa muzee wa miaka tisini na saba. Donc ugonjwa gani unauaka?

SANS-FREIN: Mufupi.

COMMUNIQUÉ: Na yako iko na miaka ngapi?

SANS-FREIN: Munane.

COMMUNIQUÉ: Munane! Ile haiko ugonjwa tena, ile ni jamaa. Weye umesha pita fasi mubaya, papa. Sasa wende Beni, bakutolee murefu yako, urudi mutupu. Na mutu mutupu njo ule mufupi unatafutaka.

POURCENTAGE: Ile haina logique.

COMMUNIQUÉ: Haina logique, lakini iko ku radio.

Nilimtazama Pourcentage ili aivunje hoja hiyo. Akaanza kuhesabu kitu kwa vidole. Nikajaribu mwenyewe na sikupata pa kuanzia, maana matangazo yale nayasikia pia, na kweli ni mfupi, mfupi, mfupi. Kahongya alikuwa ameketi wima. Uso ulikuwa umemfunguka kama wa mtu aliyesamehewa na padri.

SANS-FREIN: Munane ni murefu, eh?

COMMUNIQUÉ: Kwa hernie? Ni muzee.

SANS-FREIN: Mama Mariette, uniongezee.

Akavua koti la kanisani. Alilikung'uta vumbi, akalikunja mara mbili, na kulilaza juu ya chukudu. Lile koti lilinitia hasira kuliko maneno yote. Nilikuwa nimeushona mkono wa blauzi ndani nje, nikaanza kuukata nyuzi, na nyuzi nazo zikakata hamu yangu ya kuwa mtu mzuri. Mama Mariette alimimina kwa kuinamisha termosi ya pili.

Simu ikalia tena. Gari limebakiza mtu mmoja. Élysée amekwisha kufunga mizigo juu.

SANS-FREIN: Mama Salomon, sikiliza. Communiqué ananifasiria kitu hapa. Labda... labda tungoje kampanye ingine. Mwaka kesho batarudi.

Mara hii mama wa sokoni alikuwa hana sauti, na Kahongya alibaki na simu sikioni hata baada ya mwenzake kukata.

Ndipo mwenye blauzi akatokea. Ni mama mmoja wa Kayna, Tamar, mwenye umri wa kati, ambaye tangu mwaka jana anaishi kwa dada yake hapa juu kidogo. Nilikuwa nimemshonea mara moja tu, na kijiweni hakuwa amewahi kukaa. Alisalimia kwa Kinande, akauliza nguo yake, nikamwonyesha mkono uliofumuliwa na kumwomba dakika ishirini. Hakugomba. Mama Mariette alimsogezea nafasi mwisho wa ubao na kumpa kahawa, na Communiqué, kwa furaha ya kupata sikio jipya, akamsomea tena elimu yake yote kuanzia watu wazuri, wajukuu, hadi miaka minane ya Kahongya.

Tamar alisikiliza hadi mwisho. Hata alitabasamu penye watu wazuri. Kisha alipuliza kahawa yake.

TAMAR: Papa, na huu ugonjwa mufupi, banaanzaka kuuhesabu siku gani?

COMMUNIQUÉ: Namna gani, siku gani?

TAMAR: Siku yake ya kwanza. Njo siku gani?

COMMUNIQUÉ: Siku ya kwanza ni... Siku...

Akamgeukia Pourcentage.

POURCENTAGE: Ile hatukusoma. Ilikuwa programme ya mwaka ya pili.

COMMUNIQUÉ: Mita?

Nilikuwa na sindano mdomoni, nikashukuru.

MAMA MARIETTE: Mama, juu ya nini unauliza?

TAMAR: Ni kuuliza tu. Bwana yangu, kule Kayna, balimutangaza vile. Kisha ugonjwa mufupi. Na miye nilikuwa namupikia uji tangu miaka sita. Nikajiulizaka nani alihesabu.

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa. Akanywa. Barabarani alipita kijana na chukudu chenye mihogo, akampigia Sans-Frein mluzi wa kazi kama wafanyavyo wote, na Sans-Frein hakumwitikia. Communiqué alikuwa ameanza kugeuzageuza kitufe cha redio huku na huku, ingawa redio ilikuwa imezimwa tangu saa tatu.

COMMUNIQUÉ: Ni formule, mama. Ku radio njo vile banaandikaka.

TAMAR: Ndiyo, papa. Hata miye njo nilipeleka karatasi ku radio.

SANS-FREIN: Malachie.

Hakuna anayemwita Malachie hapa kijiweni. Hata yeye alichelewa kuitika.

SANS-FREIN: Yangu utaisoma namna gani?

COMMUNIQUÉ: Achana na ile, papa.

SANS-FREIN: Ile asubuhi utaisikia, kisha utabasomea hapa, na Mita anashona pale. Utasema murefu? Utasema miaka munane?

Malachie alitazama redio iliyo mkononi mwake. Mama Mariette alitikisa termosi ya kwanza, kisha ya pili, akazilaza zote chini ya meza, na kusema kahawa imekwisha. Sidhani ilikuwa imekwisha kweli.

COMMUNIQUÉ: Nitasema mufupi, akanong'ona. Bote nabasemeaka mufupi.

Kahongya aliweka kiganja pale upande wa kulia. Hakukisukuma, alikiweka tu. Nami nilitaka kusema neno, na nashukuru sikulisema, kwa sababu nilikuwa naliandaa liwe la busara. Simu yake ikaanza kulia juu ya goti. Aliiacha ilie mara mbili, tatu. Kisha akaipokea.

Sauti ya Mama Salomon ilirudi yote, na nyuma yake honi ya gari. Kuna mtu mmoja anataka kukaa nafasi yake. Ameweka beseni juu ya kiti, na huyo mtu anaanza kulisogeza beseni.

SANS-FREIN: Kalia beseni.

Mama Salomon aliuliza akalie beseni kwa nini, kama bwana yake amesema mwaka kesho.

SANS-FREIN: Mwaka kesho iko mbali. Ambia Élysée anipe dakika kumi.

Uko wapi, Papa Salomon? Tulilisikia wazi hilo, hata Tamar.

SANS-FREIN: Niko njiani.

Bado alikuwa amekaa. Kikombe kilikuwa mkononi, koti juu ya chukudu, na sisi watano tukimwangalia. Basi akasimama ili lisiwe uongo. Akampa Pourcentage usukani wa chukudu na kumkataza kuteremka nacho hata hatua moja, akachukua koti, na akapanda mlima kwa mguu kuelekea parking, huku Malachie akimkimbilia nyuma, ameshika mkono mmoja wa koti ili amvalishe.